WITCH ya Zambia: baada ya Lazy Bones!! kwanini wakatuletea Lukombo Vibes? Wapenzi wa Zamrock Nyanda za Juu njooni tuongee

#1 gitaa_la_iyunga (mwenye uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Najua humu wengi ni bongo fleva na singeli, sina ugomvi na hilo, ila najua pia kuna watu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ambao wazee wao walikuwa wanavuka Tunduma wanarudi na kaseti za Zambia kwenye begi, kwahiyo naamini sitaongea peke yangu. Nataka tuongelee WITCH, na hasa jambo moja ambalo linanikera miaka yote. Bendi iliyotoa Lazy Bones!! mwaka 1975 ilikuwaje mwaka uliofuata ikaja na Lukombo Vibes?

Kwa wasiowajua niwape kwa haraka. WITCH ni vijana wa Kitwe kule Copperbelt, mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, watu wanamuita Jagari, jina limetokana na Mick Jagger likabatizwa kizambia. Gitaa la solo Chris Mbewe maarufu Kims, besi Gedeon Mulenga wanamuita Giddy King, rizimu John Muma, drams Boidi Sinkala. Walichukua rock ya Uingereza na Marekani, wakaongeza funk ya James Brown, na chini yake ngoma za kwao zikabaki zinatembea. Huo ndio mziki ambao leo dunia nzima inauita Zamrock. Albamu mbili za mwanzo, Introduction na In the Past, walitoa kwa mfuko wao, nakala mia chache tu wakawa wanauza hukohuko kwenye shoo. Na shoo zenyewe zilikuwa zinaanza saa 1 jioni mpaka saa 8 usiku, watu wanajaa mpaka polisi wanaitwa kuweka utaratibu.

Halafu ikaja Lazy Bones!!.

Kaseti niliyokulia nayo ilikuwa ya mjomba wangu, alikuwa anafanya kazi reli ya TAZARA, safari zake ni Kapiri Mposhi kule Zambia kwenda na kurudi. Kuna mtu huko alimrekodia upande A Lazy Bones!! yote na upande B Lukombo Vibes. Kwahiyo mimi sikusubiri mwaka mzima kama walivyosubiri Wazambia, nilikuwa nasubiri tu mjomba ageuze kaseti. Na kila ikigeuzwa nilikuwa nahisi mtu amefungua dirisha na baridi ya Juni imeingia. Hata kabla sijajua majina ya nyimbo, hata kabla sijajua kwamba hizo ni albamu mbili tofauti, mtoto mdogo tu, nilikuwa najua upande A una kitu na upande B kimepungua.

Black Tears inafungua taratibu, nzito, gitaa limechafuka toka mwanzo na Jagari anaimba akiwa nyuma kidogo ya bendi, hayuko mbele kama waimbaji wengi, yani inabidi wewe ndio umfuate. Ikija Motherless Child pale ndio Kims anakanyaga pedo ya wawa, sauti inafunguka na kujifunga kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu. Tooth Factory sijawahi kukutana na mtu aliyenielezea vizuri inahusu nini na wala sijali, lile gitaa lake likianza mazungumzo yote yanasimama. Halafu October Night inakupumzisha, kisha Off Ma Boots inakunyanyua tena. Wamepanga albamu nzima mpaka Little Clown ya mwisho, hakuna sehemu utasema hapa wamejaza tu nafasi.

Nilipoanza kupiga gitaa kwenye bendi yetu ya harusi nikawa naitaka ile sauti ya Kims kwa udi na uvumba. Pedo ya fazi, yani kile kifaa cha mguuni kinachochafua sauti ya gitaa, kwa hapa Mbeya hakuna duka linauza, na hata ingekuwepo hela sina. Nikaenda kwa fundi redio mmoja pale Kabwe, mzee mtulivu sana, nikampigia Lazy Bones kwenye simu nikamwambia mzee nataka gitaa langu lilie hivi. Akasikiliza mara moja tu akasema hii ni transista inazidiwa. Akatoa transista mbili kwenye redio mbovu ya zamani, akachomelea lehemu ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaweka soketi mbili na swichi. Mlio wa waya unakuzwa mpaka transista inashindwa kuubeba, kwahiyo kilele cha wimbi kinakatwa juu na chini, na ule ukwaruzo unaousikia unatokana na huko kukatwa. Tulivyochomeka kwenye ampli watu wa duka la jirani walitoka nje kuangalia.

Nililojifunza na lile kopo ni kwamba fazi haina huruma. Ukigusa waya kidogo sauti inakatika, ukipiga kwa nguvu inanguruma mpaka unapoteza noti, na ukipiga kodi (chord) yenye waya nyingi kwa pamoja inageuka kelele tupu. Unatakiwa ucheze na kitufe cha sauti cha gitaa kila wakati, upunguze ukiwa unasindikiza, ufungue ukiwa unapiga solo. Sasa rudi usikilize Lazy Bones!! ukiwa unajua hilo. Yule Kims alikuwa ameshaimiliki ile sauti, kila noti inasikika, hakuna hata sehemu moja imemponyoka. Kijana wa Kitwe, mwaka 1975!

Haya, geuza kaseti.

Lukombo Vibes. Jagari yupo, Kims yupo, Giddy yupo, Boidi yupo. Watu ni walewale. Lakini gitaa limepunguzwa makali na limesogezwa nyuma, kinanda kimechukua nafasi kubwa, nyimbo zinakwenda mwendo wa kistaarabu. Thou Shalt Not Cry ni wimbo mzuri, mtu akiniwekea nasikiliza mpaka mwisho, ila haunifanyi chochote. Kangalaitoito ndio inayoniokoa upande ule, pale nawasikia wameamka. Nyingine zinapita. Nyimbo mbaya hamna, na hilo ndilo linaloniuma zaidi maana zingekuwa mbaya ningesema walichoka au waliumwa au studio iliwasumbua. Zipo sawa tu. Bendi iliyojiita We Intend To Cause Havoc, yani tunakusudia kuleta vurugu, maana ndio kirefu cha jina lao, inatoa albamu ambayo ipo sawa tu.

Nataka kusikia maoni, hasa ya waliosikiliza zote mbili kwa utulivu.

#2 kamwene_njombe

Kamwene mwenye uzi. Asante kwa kuleta hii mada, mzee wangu alikuwa na santuri za Zambia mpaka zikaisha kwa kupindwa na jua.

Mi nadhani unawaonea kidogo. Angalia mwaka. 1975 bei ya shaba duniani ilikuwa imeporomoka, na Zambia zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje ilikuwa shaba. Copperbelt ni nini bila shaba? Vijana waliokuwa wanajaza zile shoo za kumbi za Kitwe, Ndola, Chingola, Luanshya walikuwa ama wachimbaji ama watoto wa wachimbaji, mshahara wa mgodi ndio ulikuwa unanunua tiketi, ndio ulikuwa unanunua santuri. Mshahara ukipungua thamani bendi inaanza kumuogopa mteja. Huwezi kuendelea kumpigia fazi masaa saba mtu ambaye anawaza unga. Unampa kitu laini acheze na mkewe arudi nyumbani.

Halafu vifaa. Mpaka wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulifungwa 1973, bidhaa zilizokuwa zinapita kusini zikawa zinazunguka, na hata hiyo TAZARA ya mjomba wako ilikuwa tayari inajengwa kwa sababu ya ugomvi huohuo na Rhodesia, shaba ipate njia ya kwenda Dar. Waya za gitaa, valvu za ampli, vyote vinatoka nje na pesa ya kigeni hakuna. Inawezekana kabisa gitaa la Kims lilipunguzwa makali na hali ya uchumi.

#3 nakonde_kwa_miguu

Mi niko Tunduma, naongea kama mtu anayesikiliza redio ya Zambia kila siku toka utotoni. Mwenye uzi nakuheshimu ila umekosea mlango. Albamu iliyowaangusha watu ni Movin' On ya 1980. Ile ni DISKO mkuu. Jagari kashaondoka, fazi hamna kabisa, kinanda cha kisasa na besi ya kurukaruka, ukimuwekea mtu bila kumwambia hawezi kuamini kwamba ni WITCH. Afu 1984 wakatoa Kuomboka, hivyohivyo. Lukombo Vibes ukilinganisha na hizo ni dhahabu, unalalamikia vumbi wakati nyumba iliungua.

#4 gitaa_la_iyunga

Wakuu mmeanza vizuri. Nianze na wa Tunduma.

Mkuu Movin' On mimi hainiumi kabisa na ntakuambia kwanini. Ile ni bendi nyingine iliyobaki na jina. Jagari alishaenda kwenye ualimu, kinanda yupo kijana mpya Patrick Mwondela, na mazingira yote yamebadilika. Vita ya Rhodesia ilikuwa imeingia mpaka ndani ya Zambia, 1978 ndege za Rhodesia zinapiga kambi za wapigania uhuru karibu na Lusaka yenyewe, kuna amri ya kutotembea usiku, taa zinazimwa. Bendi iliyozoea kupiga mpaka saa 8 usiku inalazimika kupiga mchana. Kwenye hali hiyo mwenye ukumbi anaona bora aweke mashine ya disko, hailipwi posho, haina drams za kubeba. Wenyewe wakaamua kwenda kule watu walikokwenda. Na kwa disko, tuseme ukweli, ni disko nzuri, ndani ya Kuomboka kuna wimbo unaitwa Change Is Not A Crime na nawaelewa kabisa. Mtu usiyemjua hawezi kukuangusha. Anayekuangusha ni yule uliyemjua jana na leo umemkuta yuleyule, sura ileile, watu walewale, ila hakutazami.

Kwahiyo narudi palepale. 1976 walikuwa wote. Hakuna aliyekuwa ameondoka, hakuna aliyekuwa amekufa.

Wa Njombe, hoja ya shaba naikubali nusu. Ni kweli uchumi ulikuwa unaanguka. Lakini Lazy Bones!! yenyewe ilitoka 1975, shaba ilikuwa imeshaanza kushuka tayari na mpaka umeshafungwa, na bado walitoa mziki mzito kuliko wote waliowahi kutoa. Na mwaka huohuo Amanaz, bendi nyingine ya Zamrock, wakatoa albamu yao Africa, nayo ni nzito. Paul Ngozi, mpiga gitaa mwingine wa Zamrock, naye alikuwa palepale kwenye uchumi uleule, na fazi yake hakuizima, ndio kwanza aliiongeza. Uchumi unaeleza mengi, hauelezi kwanini mtu mwenye gitaa lile mkononi aamue kulipiga kwa adabu.

#5 binti_wa_mufindi

Mnaongea nyie wanaume na magitaa yenu, ngoja na mimi niseme.

Kaka mwenye uzi mi nakuuliza kitu kimoja, hivi unachokitaka ni WITCH wabaki kuwa Waingereza weusi? Maana naona kila unachokisifia kwenye Lazy Bones!! ni kile kinachofanana na rock ya kule. Fazi, wawa, kuimba kiingereza. Wakianza kuleta ngoma ya nyumbani unasema wamelegeza. Mimi mama yangu mzazi kwao ni upande wa Mbozi, mnamwanga, na Wanamwanga wapo pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde, harusi zao ni moja. Lukombo Vibes ukiipiga kwenye kikao cha kina mama pale, watainuka. Lazy Bones!! ukiipiga watakuuliza kama redio imeharibika. Sasa nani alikuwa anapigiwa mziki, wewe wa leo na earphone zako au wale watu?

Na hiyo miaka rais Kaunda alishaagiza redio ya taifa ipige asilimia 95 mziki wa Wazambia. Wasanii wakapata nafasi, wakatazama nyuma kwao. Mimi naona ni ushujaa.

#6 gitaa_la_iyunga

Dada yangu asante sana, hii ndio hoja nilikuwa naisubiri na nataka niijibu kwa heshima na kwa urefu maana hapa ndipo penyewe.

Ningekuwa nataka WITCH wabaki kuwa Waingereza ningeichukia Including Janta. Hiyo ni albamu iliyofuata baada ya Lukombo, 1977, ya mwisho ya Jagari kabla hajaondoka. Naipenda kupita maelezo! Na ile ndio wamekwenda nyumbani kabisa. Sikiliza Nazingwa. Lugha ya kwao, mdundo wa kwao, na gitaa limekubali kushuka chini na kufanya kazi ya ngoma, linagongagonga palepale linajirudia mpaka linakuchukua. Hakuna mtu atakayesema pale wanamuiga Mwingereza. Wameamua. Wamesema sisi sasa tunapiga hivi, na wamepiga kwa moyo wote.

Kwahiyo hesabu yangu iko hivi, na naomba unielewe. Lazy Bones!! ni watu walioamua kwenda upande wa fazi mpaka mwisho wa barabara. Including Janta ni watu walioamua kwenda nyumbani mpaka mwisho wa barabara. Lukombo Vibes imekaa katikati na haijaamua. Fazi wameiachia mkono mmoja, ngoma wameishika mkono mmoja. Ukitaka kusikia ushahidi chukua wimbo wowote wa kiingereza wa Lukombo halafu fuatisha na Kangalaitoito. Kangalaitoito Boidi anaongoza, kila mtu anamfuata yeye, wamesahau kama kuna soko. Ukirudi kwenye zile nyingine unasikia kila mtu anampisha mwenzake, gitaa linapisha kinanda, kinanda kinapisha sauti, hakuna anayesema mimi naingia. Bendi zetu za harusi zinaumwa huohuo ugonjwa, tunapisha sana, na wimbo unabaki hauna mwenyewe.

Wangefanya Janta moja kwa moja baada ya Lazy Bones!! nisingefungua huu uzi.

Na kuhusu kina mama wa Mbozi, dada, nakuamini, ila nna swali la kweli kabisa siyo la ubishi. Wanainuka kwa Lukombo Vibes yote au wanainuka kwa Kangalaitoito?

#7 binti_wa_mufindi

Kangalaitoito na nyingine moja. Haya umenipata kidogo. Lakini bado nasema bila ile albamu ya katikati wasingefika kwenye Janta. Watu hawaamki tu asubuhi wakaijua njia ya nyumbani. Kuna mahali walitakiwa kujaribu na kukosea, na walijaribia mbele ya watu kwasababu hawakuwa na hela ya kujaribia mafichoni.

#8 spika_mbili_iringa

Nimesoma wote nimefurahi. Mimi nafanya kazi ya sauti hapa Iringa mjini, makanisa, mikutano, harusi, na nataka kuleta kitu ambacho hamjagusa, MIKSI, yani jinsi sauti za vyombo zinavyochanganywa na kupangwa studio.

Amanaz mwenye uzi kawataja. Africa yao ina miksi mbili, moja kavu na nyingine imejazwa mwangwi, na zote zimekuja kutolewa upya na lebo ya Now-Again ya Los Angeles. Nyimbo ni zilezile, watu walewale, lakini ukisikiliza moja unaona bendi iko chumbani kwako, ukisikiliza nyingine unaona iko kwenye pango. Watu wanagombana mpaka leo ipi ni ya kweli. Sasa kama miksi inaweza kubadilisha albamu kiasi hicho, tuna uhakika gani kwamba Kims alipiga kwa adabu? Inawezekana alipiga kwa moto uleule na mtu wa mashine akamshusha. Mimi nimeshushwa sana na wachungaji, gitaa punguza, gitaa punguza, mpaka mpigaji mwenyewe anaanza kujishusha kabla hajaambiwa.

#9 nakonde_kwa_miguu

@spika_mbili_iringa hiyo ya wachungaji umenigusa hahaha. Ila mkuu fazi siyo sauti kubwa tu, hata ukiishusha inabaki na ukwaruzo wake. Lukombo ukwaruzo wenyewe umepungua.

#10 spika_mbili_iringa

Hilo kweli. Ukwaruzo hauondoki kwa kushusha. Lakini ukishusha gitaa moja na kupandisha kinanda, sikio linahama, unahisi kama ukwaruzo umepungua kuliko ulivyopungua. Mi nashauri mtu asikilize kwa spika mbili zilizoachana, siyo simu. Kwenye simu besi ya Giddy inapotea yote na besi ya Giddy kwenye Lukombo ndio kitu bora kuliko vyote. Hapo mwenye uzi hujamtendea haki.

#11 gitaa_la_iyunga

Mkuu wa Iringa nimefanya ulivyosema. Nimeenda kwa jamaa yangu Soweto ya hapa Mbeya mwenye spika za maana, tukaziachanisha, tukaweka Lukombo yote toka mwanzo bila kuongea.

Besi ya Giddy nakupa, alama zote. Kuna sehemu anatembea juu ya shingo ya besi halafu anarudi kwenye noti ya kwanza sawasawa na teke la drams, safi kabisa. Kwenye kaseti ya mjomba hiyo besi ilikuwa mkandamizo mmoja tu. Na kinanda pia kwenye spika kubwa kina uzuri wake, kinajaza chumba vizuri.

Lakini gitaa, hapana. Tulimsikiliza Kims tu, tukaacha vingine vyote. Siyo kwamba kashushwa. Vidole vyake vyenyewe vinapiga tofauti. Kwenye Lazy Bones!! anavuta waya, anaupinda noti inapanda taratibu mpaka inafika, unasikia ile safari yake. Lukombo mara nyingi anaweka noti na kuondoka. Huo ni uamuzi wa mkono, hakuna mtu wa mashine anayeweza kukufanyia hivyo. Jamaa yangu ambaye hata hapendi rock, yeye ni mtu wa kwaya, alisema neno moja tu, "huyu anaharakishwa."

Sijui alikuwa anaharakishwa na nani. Ila nimekubaliana naye.

#12 kamwene_njombe

Hapo sasa nami nimeelewa unachosema. Kuharakishwa. Albamu kila mwaka, 1974, 1975, 1976, 1977, na katikati yote hayo shoo za masaa saba na safari za barabara mbovu. Hata mahindi hayalimwi hivyo shamba moja bila kupumzisha.

Halafu tukumbuke na hili wakuu, tunaongea kana kwamba wapo waje wajibu. Kile kikosi cha kwanza wamefariki wote isipokuwa Jagari. Ukimwi ulikipitia kizazi kile cha wanamuziki wa Zambia vibaya sana.

#13 gitaa_la_iyunga

Kweli kabisa mkuu, na nimeliwaza hilo wakati naandika. Nawasema kwa ukali kwasababu nawahesabu ni wakubwa. Mtu wa kawaida akipiga albamu ya sawa tu nampongeza. Kims hakuwa mtu wa kawaida, na kumsifia kila kitu kwa vile hayupo naona ni kumpunguzia.

Na Jagari mwenyewe Mungu amempa umri. Alifundisha mziki, akaenda kuchimba vito, akawa ameshasahaulika, mpaka santuri zao zilipoanza kutolewa upya Ulaya na Marekani. Now-Again walitoa boksi zima la kazi zao 2012. 2019 ikatoka filamu ya yule Muitaliano Gio Arlotta inayomfuatilia. Na 2023 wakatoa Zango, albamu mpya ya kwanza toka Kuomboka, imerekodiwa DB Studios Lusaka, Jagari na Patrick Mwondela pamoja na vijana wa Ulaya, na Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, kaimba humo. Nani alitegemea? Karibu miaka 40! Na kwenye Zango ukwaruzo umerudi. Nilivyousikia wimbo wa kwanza nilisimama.

#14 mgeni_wa_uyole

Shikamooni wakubwa zangu. Mi ni kijana nasoma hapa Mbeya, nimefika kwenye uzi kwa bahati tu, sijawahi kusikia hata wimbo mmoja wa hawa watu. Baba anasema babu alikuwa nao. Nianzie wapi? Naona mnagombana sijui nisikilize ipi.

#15 gitaa_la_iyunga

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

Anza na Lazy Bones!! yote, toka Black Tears mpaka Little Clown, usiruke. Siku nyingine siyo siku hiyohiyo ruka moja kwa moja uende Including Janta. Halafu ndio urudi Lukombo Vibes, na ukifika Kangalaitoito ongeza sauti. Movin' On weka siku una wageni wanataka kucheza, mkuu wa Tunduma asikutishe. Usisikilize kwa spika ya simu, tafuta hata earphone za elfu tano, mkuu wa Iringa yuko sahihi kabisa kuhusu besi.

Na muulize babu yako kama bado ana zile kaseti au santuri, na kama yupo hai muulize alizinunua wapi na alikuwa anasikiliza na nani. Ukipata majibu rudi uyaandike humu, hata kama atasema Lukombo ndio bora. Hasa kama atasema hivyo, maana yeye aliisikia ikiwa mpya na mimi niliikuta upande B.

Wakuu wengine, natafuta mwenye santuri ya Lukombo Vibes, siyo faili, santuri, hata kama imekwaruzika, tukutane Mwanjelwa au Iyunga niisikilize mbele yako na nikurudishie. Nataka kusikia ile ya Zambia yenyewe ilikuwaje kabla haijasafishwa. Fundi wa Kabwe kaniambia anayo pleya inayofanya kazi.